Kiapo cha Mchezo wa Helmeti

Iowa, Marekani
14 Septemba 2024

Kwa mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Shikamoo mama. Mimi mzima, nakula, nasali, na masomo ya udongo yameanza kunoga. Natumai na wewe hujambo, na wanafunzi wako wa darasa la nne hawajakumaliza sauti.

Ulisema niandike, nisipige simu, kwa sababu kwenye simu nacheka tu na wewe hupati habari. Basi leo habari ipo. Nimeingia timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa helmeti, kama nilivyoapa. Sijui kama nimewahi kutimiza neno lako haraka namna hii.

Kiapo nimekihifadhi. Mkono juu ya Msahafu, Shehe Mabruki ameketi pembeni, na wewe unanisomesha kama mtoto wa chuo cha Kurani: "Wallahi nitacheza mchezo wa helmeti, na raga sitaigusa, mpaka nimalize masomo nirudi nyumbani." Sikukulaumu. Tangu uione ile video ya Arusha, natoka uwanjani sikio linachuruzika damu, ukisikia raga tu unashika kifua. Na mimi nilikuwa radhi kuapa lolote, mradi usinikataze michezo yote.

Sasa nikueleze tofauti yake. Kwenye raga unakimbia dakika themanini na mpira hausimami ovyo. Kila mtu anafanya kila kazi: unadaka, unamwangusha mtu, unainuka, unakimbia tena. Ukitoka hapo pumzi huna na miguu haikusikii. Huku mpira unachezwa sekunde chache, filimbi inalia, watu wanakusanyika kupanga, halafu sekunde chache nyengine. Wanaoshambulia wakimaliza wanatoka, wanaingia wa kuzuia. Mwanzo nilicheka, nikasema hawa wanacheza huku wamepumzika. Nikaja kujua kwamba katika zile sekunde chache mtu wa kilo mia na thelathini anakujia kwa nguvu zake zote, na anaruhusiwa kukugonga hata kama mpira huna. Raga ilinichosha mapafu. Huu unanichosha mifupa.

Lakini usiwe na hofu. Helmeti ni ngumu, ina vyuma mbele ya uso, na mabegani tunavaa makinga mapana. Ukiniona utadhani nimejifunga godoro. Picha hiyo hapo.

Mwanao,
Jabir


Pujini, Pemba
17 Septemba 2024

Mwanangu Jabir,

Waaleikum salaam. Marahaba baba. Barua yako nimeisoma kwenye simu, kisha nikamsomea shangazi yako Mwanawema, naye akauliza swali ambalo na mimi nilikuwa nalo: huyo mtu wa kilo mia na thelathini analishwa nini?

Picha nimeipokea. Juzi nilikuwa nayo harusini, nikawaonyesha wenzangu jikoni tunachambua mchele. Wakaitazama, wakaigeuza simu huku na huku. Mmoja akaniuliza, "Mwatima, mwanao yu wapi humu?" Nikawaambia huyo mwenye helmeti. Wakasema wote wana helmeti. Nikawaambia basi ndiyo vizuri, wote mama zao wana akili.

Nimefurahi sana. Usiku nalala. Tangu ile video nilikuwa naamka naona sikio lako. Wale watu wa raga wanaingia uwanjani na kaptura na fulana kama wanakwenda kuoga, halafu wanaparamiana. Sikuzaa mtoto wa kuparamiwa. Lakini mtu aliyefunikwa kutoka utosini mpaka mabegani, huyo mchezo wake una serikali.

Sharti langu ni moja, usiivue. Hata ukinywa maji, kunywa nayo.

Shehe Mabruki anakusalimu sana. Nduguyo Yumna yuko Chake Chake na duka lake la dawa, anasema humwandikii. Mwandikie.

Mama yako,
Mwatima


Iowa
15 Oktoba 2024

Dada Yumna,

Shikamoo. Najua unalalamika kwamba sikuandikii. Leo nakuandikia, na nakuomba kitu kabla hujasoma zaidi: mama asijue.

Jumamosi nilipigwa. Nilikuwa nimeinama kumzuia mtu, kichwa chake kikakutana na changu, helmeti kwa helmeti. Sikuanguka kwa vishindo vya kutisha. Niliinuka mwenyewe, nikaenda kusimama upande wa timu nyengine. Wakanicheka, na mimi nikacheka, kisha mwalimu wa timu akanitoa.

Tangu hapo taa za darasani zinaniuma. Nikisoma mistari mitatu natapika. Nalala mchana, usiku macho makavu. Daktari wa timu anasema ni mtikisiko wa ubongo na nisicheze mpaka dalili zote ziishe. Kila asubuhi ananiuliza kichwa kinauma? Jana nilimjibu kinauma kidogo. Kesho nitamwambia hakiumi. Jumamosi ya tarehe ishirini na sita tuna mechi kubwa.

Najua utakalosema. Lakini nimeapa, Yumna, na siyo kiapo cha mdomoni. Nimesema wallahi nitacheza mpaka nimalize masomo. Nahodha wa raga hapa chuoni alinifuata mwezi uliopita, aliona ninavyokimbia. Nikamwambia mimi nina kiapo. Alidhani namtania. Nikiuacha huu nimevunja kiapo, nikienda kule nimevunja mara mbili. Nimebaki na njia moja, nayo ndiyo hiyo ya kuvaa helmeti.

Unieleze dawa gani ya kichwa haimfanyi mtu asinzie.

Nduguyo,
Jabir


Chake Chake
16 Oktoba 2024

Jabir,

Marahaba. Dawa sikutajii, na usithubutu kununua.

Nimekaa dukani hapa miaka sita, nauza dawa za maumivu kutwa, na najua watu wanazitumia kuondoa nini. Wewe unataka kuondoa maumivu ili daktari asiyaone. Ubongo uliotikiswa ukitikiswa tena kabla haujapona, mtu anaweza kufa pale pale, na akipona anaweza asiwe yeye. Helmeti inalinda fuvu lisipasuke. Ubongo uko ndani, unapiga huku na huku kama kiini kwenye yai, na gamba la yai linaweza kubaki zima.

Halafu unaniletea habari ya kiapo. Kiapo kina njia yake na unaijua, ulisoma chuo kimoja cha Kurani na mimi. Mtu akiapa jambo kisha akaona kheri iko kwengine, anafanya lenye kheri na anatoa kafara. Kulisha maskini kumi. Basi. Hakuna palipoandikwa kwamba Mwenyezi Mungu anataka kichwa chako.

Mimi nadhani, na unisamehe, kwamba unajificha nyuma ya kiapo. Unataka kucheza kwa sababu watu elfu kadhaa wanapiga kelele jina lako, na Pujini hakuna anayekupigia kelele isipokuwa mama.

Mwandikie yeye kabla ya Jumapili. Usipomwandikia, nitapanda gari ya Pujini nimwambie mwenyewe.

Yumna


Iowa
18 Oktoba 2024

Kwa mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Shikamoo mama. Natumai hujambo. Mimi sijambo.

Hapa baridi imeanza. Asubuhi majani yana weupe kama yamemwagiwa chumvi, na mimi nimepata koti zito la mtumba ambalo mikono yake inafika vidoleni. Rafiki zangu wananicheka.

Mechi ni Jumamosi ijayo. Mazoezi yanaendelea vizuri. Kuna jambo nilitaka kukwambia kuhusu mchezo lakini si kubwa, nitakwambia siku nyengine.

Hapa baridi imeanza. Asubuhi majani yana weupe kama yamemwagiwa chumvi, na mimi nimepata koti zito la mtumba, mikono yake inafika vidoleni. Rafiki zangu wananicheka.

Msalimie shangazi. Helmeti naivaa.

Mwanao,
Jabir


Pujini
20 Oktoba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nimekaa na barua yako tangu jana, na nimesomesha watoto miaka ishirini na mbili. Mtoto mvivu namjua anavyoandika. Mtoto muongo namjua. Anayeandika jambo moja mara mbili katika ukurasa mmoja, na asijue kwamba ameshaliandika, huyo si mvivu wala si muongo. Huyo ana kitu.

Nikampigia Yumna. Akabadilisha mazungumzo. Yumna akibadilisha mazungumzo huwa ni habari mbaya. Nikamwambia, "Njoo." Amekuja leo asubuhi na gari ya kwanza, na amenieleza yote. Usimkasirikie. Alikwisha kukupa muda.

Nimeogopa, Jabir. Nilikuwa nimeshika sufuria, nikaiweka chini, sikumbuki nilikuwa napika nini.

Nilipotulia nikamwambia Yumna alete simu yake. Tumekaa barazani tangu adhuhuri mpaka alasiri, tukatazama raga, kisha futiboli yenu, kisha tena raga. Sasa nitakwambia nilichokiona, kwa sababu siku ya kukulisha kiapo sikutazama, niliona damu tu.

Wale wa raga wanachoka kweli. Hawapumziki, mtu amekwisha kabisa na bado anakimbia. Lakini wanapoangushana wanatumia mikono. Mtu anamkumbatia mwenziwe mapajani, na kichwa chake anakiweka pembeni, hakitangulizi, kwa sababu kiko wazi na anajua kitamuuma. Akimkamata mtu shingoni refa anamtoa. Hata hivyo wanaumia, niliona mmoja kachukuliwa kwa machela, sikudanganyi kwamba ni mchezo wa kukaa na mama zao. Ila wanatoka wamechubuka, masikio yamevimba, wabaya kuwatazama, na kila kitu unakiona.

Wenu hawachubuki. Wanang'ara. Na kila filimbi ikilia wale wakubwa wa mbele wanagongana vichwa kama mabeberu, mara moja, mara ya pili, mara ya kumi, na hakuna anayestuka kwa sababu damu haitoki. Mtu akifunikwa kichwa anakisahau, anakitumia kama nyundo. Nikamuuliza Yumna, "Hawa mama zao hawaoni?" Akanijibu, "Mama, na wewe hukuona."

Kweli sikuona. Nililinda sikio lako.

Sasa nisikilize. Uwanjani huingii. Kiapo nilikulisha mimi, na mimi nitakutoa, lakini nimekwenda kwa Shehe Mabruki baada ya alasiri na anasema kafara ni ya aliyeapa. Mama anaweza kukulishia maskini kumi ikiwa umemruhusu, na inajuzu kulisha kabla hujakivunja. Bila ya ruhusa yako, nikipika hata sufuria mia ni sadaka yangu tu, kiapo chako kiko pale pale. Basi nataka neno lako kwa maandishi. Na kesho asubuhi daktari akikuuliza kichwa kinauma, mwambie kweli. Hilo la pili si ombi.

Nasubiri.

Mama yako


Iowa
21 Oktoba 2024

Mama,

Nimekuruhusu. Nilishie.

Daktari nimemwambia kweli leo asubuhi, yote, mpaka kutapika. Hakunigombeza. Alivuta kiti akakaa, akaandika, kisha akanipeleka hospitali wanipige picha ya kichwa. Majibu bado. Namba yangu kwenye timu amepewa mwengine kwa Jumamosi.

Yumna alisema najificha nyuma ya kiapo. Alisema kweli nusu. Kile kiapo nilikuwa nakiogopa kweli kweli, mama, nilikuwa nakiota. Lakini kulikuwa na usiku nilipokaa nikagundua kwamba kama Shehe Mabruki angeniambia kimefutwa, ningehuzunika. Watu wanaposimama wote pamoja kwa sababu umekimbia na mpira, unahisi kitu ambacho sijui nikieleze vipi. Nilitaka kukipata tena mara moja tu.

Nimeisoma barua hii mbele ya mwenzangu wa chumba kabla ya kutuma. Hajui Kiswahili, lakini nilimwomba ahesabu mistari inayofanana. Anasema hakuna.

Jabir


Pujini
24 Oktoba 2024

Mwanangu,

Kafara imelika. Alhamdulillahi. Lakini acha nikuhadithie, kwa sababu nilidhani kazi itakuwa kupika.

Kupika si kazi. Kazi ni kupata maskini. Pujini, Jabir, hakuna maskini. Nimezunguka kijiji kizima tangu juzi na sijaona mtu aliye tayari kuitwa hivyo. Nilikwenda kwa Bi Mwanapili, ambaye nyumba yake ukisimama mlangoni unaona mawingu. Nikamweleza kwa adabu. Akanitazama, akasema, "Mie maskini? Nani kakwambia? Mie n'na mikarafuu mitatu." Nikamwambia mmoja umeanguka mwaka jana. Akasema, "Basi n'na miwili."

Mjaka naye akaja bila ya kuitwa, kanzu imepigwa pasi, na kofia mpya. Shehe Mabruki akamsimamisha mlangoni akamwambia, "We una pikipiki mbili za abiria, rudi kwako." Mjaka akasema moja mbovu. Shehe akamwambia hata hiyo mbovu inamtoa.

Mwisho nilibadilisha maneno. Nikaenda tena nyumba kwa nyumba nikasema kweli: mwanangu yuko mbali, ameumia kichwa, amefungwa na kiapo ambacho nilimlisha mimi, na bila ya kafara kiapo kitamrudisha uwanjani. Nahitaji watu kumi wanisaidie kumtoa. Hapo hakuna aliyekataa. Bi Mwanapili alijifunga kanga akatangulia mbele yangu. Njiani ananiambia, "Ungesema toka mwanzo kama ni kwa ajili ya ntoto. Mie nikale niache ntoto wa ntu agongwe kichwa?"

Walikuwa kumi, na Shehe Mabruki alikubali kila mmoja kwamba anastahiki. Wali wa nazi, mchuzi wa nyama ya ng'ombe, na ndizi. Walikula taratibu na kwa makini, kama watu waliopewa kazi. Bi Mwanapili alipoona mzee mmoja anasita kumaliza sahani akamhimiza, "Maliza, isije ikapunguka ntoto akabaki na nguu mmoja uwanjani." Baada ya kula wakasoma dua, wakakutaja kwa jina lako na la baba yako, Mungu amrehemu. Nilikuwa jikoni. Sikutoka, maana uso wangu haukuwa wa kutokea mbele za watu.

Basi, Jabir, hufungiki tena, si na wa helmeti si na wa bila helmeti. Majibu ya picha ya kichwa hujaniambia. Yumna anasema wakati mwengine huchukua siku. Najifanya namwamini.

Mama yako


Iowa
27 Oktoba 2024

Kwa mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Shikamoo.

Majibu yalitoka Ijumaa jioni, nikataka kuyaandika hapo hapo, nikashindwa kukaa. Picha ni safi. Hakuna damu iliyovuja, hakuna ufa, hakuna uvimbe. Daktari alinionyesha kwenye kioo cha kompyuta, akasema ubongo umechoka na unataka kuachwa. Nisicheze mchezo wowote mpaka dalili zote ziishe, kisha nirudi pole pole, na ikiwa nitauliza ushauri wake, nisirudi kwenye huu. Nilimwambia nimeshashauriwa na watu kumi na mmoja. Akaniuliza ni madaktari? Nikasema kumi ni jirani zetu.

Jana nilikaa jukwaani, nimevaa miwani ya jua na lile koti. Timu ilishinda. Aliyecheza nafasi yangu alikimbia vizuri, watu wakasimama, na mimi nikasimama. Nilidhani nitaumia roho. Nilikuwa naangalia vichwa tu, mama. Kila walipogongana nilikuwa nafumba macho, na mzee mmoja pembeni yangu akaniuliza kama nimekuja kutazama au kulala.

Leo nimesoma kurasa sita bila ya kichefuchefu. Nahodha wa raga alinikuta maktaba, akauliza kama kiapo bado kipo. Nikamwambia kimeliwa. Hakuelewa, na sikumweleza. Nimemwambia tuzungumze tena mwakani, nikiwa na kichwa, na baada ya kumuuliza mama.

Mwambie Bi Mwanapili miguu yote miwili iko nje ya uwanja.

Mwanao,
Jabir


Pujini
28 Oktoba 2024

Mwanangu Jabir,

Waaleikum salaam. Marahaba, marahaba, marahaba.

Ukipona, kuhusu raga sikuamrishi na sikukatazi. Kiapo kimenitosha. Utafikiri mwenyewe, utaniambia ulichoamua, na mimi nitaogopa kama mama anavyoogopa, hilo halina kafara.

Barua yako iliingia asubuhi, niko darasani, tunafanya hesabu za kugawanya. Sheria ni kwamba mwalimu hatazami simu mbele ya watoto, na mimi ndiye niliyeisimamia hiyo sheria. Nikaitazama. Nilifika pale uliposema picha ni safi, nikakaa juu ya meza ya mwanafunzi, nikalia mbele ya watoto hamsini na moja. Wiki nzima sikulia mbele ya mtu, nikapika, nikazunguka kijiji, nikasomesha. Nikalia leo.

Darasa lilinyamaza kimya. Hawajawahi kunyamaza hivyo tangu Januari. Kisha mtoto wa mbele akasimama, akauliza kwa adabu, "Mwalimu, kafa nani?"

Nikamwambia hajafa mtu.

Akageuka akawatangazia wenziwe, "Hajafa mtu," na darasa zima likapiga makofi.

Mama yako,
Mwatima